Washa Mbili Kwenye Sampo

Jumatatu, 3 Machi

Magari matatu ya kubadilisha oili kabla ya saa sita. Uwanja wa gereji ni tope tupu. Mgongo umeloa tangu asubuhi.

Muuza spea kanichanganyia tena: washa za shaba, za alminiamu, zenye raba, zote mfuko mmoja. Nimekaa nazichambua kama mchele. Anasema washa ni washa. Si kweli. Tundu likiwa kubwa kuliko nati, inakaa upande. Ikishabanwa mara moja imeshalala, ukiirudisha itavuja. Kitu chenyewe kidogo kama pete, na ndicho kinachozuia oili yote ya injini isiishie barabarani. Anauza asichokijua. Ananiudhi.

Gari la Mwalimu Perpetua wa Kaliua kalifanya Kaka Deo. Mwalimu kamfuata hospitali mumewe, aliyepasuliwa tumbo. Kesho wanarudi kwao. Nilimpa Kaka washa mpya ya shaba, saizi yake kabisa. Mimi mwenyewe, mkononi.

Jumanne, 4 Machi

Saa tisa mchana Mwalimu kapiga simu. Gari limekufa mbele ya Urambo. Taa nyekundu ya oili iliwaka, akadhani atafika. Injini ikaanza kugonga. Kisha kimya. Mumewe, na nyuzi bichi tumboni, kakaa chini ya mti mvuani mpaka lori la mahindi lilipowachukua.

"Oili yote imemwagika," kasema. "Jana mmeimwaga nyinyi, leo imejimwaga yenyewe. Nieleweje?"

Nikamwambia gari livutwe hadi gereji.

Nimemuuliza Kaka. "Nilifunga vizuri." Basi. Kaenda kunawa mikono. Nilitamani kumrushia spana. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, tangu nikiwa na miaka kumi na sita, wakati watu walimcheka kwa kumweka msichana chini ya magari. Na leo ananijibu kama mteja.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nilikuwa na majivu kwenye paji na matusi mdomoni.

Gari limeletwa likivutwa. Mwalimu kaja nalo. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Kanitazama tu, mwanamke aliyefundisha nusu ya Kaliua kusalimia.

Nimeingia chini nikafungua nati ya sampo, bakuli la oili chini ya injini. Washa yangu mpya ipo. Nikafuta sampo kwa kitambaa, nikapitisha ukucha. Kuna ukingo. Nikabandua kwa bisibisi. Washa ya zamani! Imelala, imebanana na chuma, nyeusi kama sampo yenyewe. Kaka hakuitoa. Kafunga mpya juu ya kuukuu. Mbili haziwezi kushika. Nati inalegea taratibu, safari inafanya iliyobaki.

Kosa la fundi wa wiki ya kwanza.

Nikatoka nayo, nikamshikia Kaka mbele ya uso. "Hii nini? Huoni? Wewe huoni?" Nimepiga kelele. Mwalimu anasikia, wateja wawili wanasikia, muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara anasikia. Kaka kageuza kichwa kidogo pembeni, kama anayesikiliza kitu kingine. Kachukua baiskeli, kaondoka akiikokota.

Sijutii.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka hakuja kazini. Vizuri. Asije.

Mchana nimefungua injini ya Mwalimu. Imejikata ndani. Krenki, mhimili unaozunguka ndani, imekwaruzika mpaka inatia huruma. Haifai.

Ijumaa, 7 Machi

Wifi Anastazia kaja gereji. Kakaa kwenye tairi, kakataa chai. Kasema Kaka haoni jicho la kulia tangu Pasaka iliyopita. La kushoto nalo linafifia pembeni. Nyumbani yeye ndiye anayemsomea masomo ya Misa. Baiskeli haipandi tena, anaikokota tu ili watu wasiulize.

Mwaka mzima! Nimemgeuzia Wifi hasira zote. Kwa nini hukuniambia?

"Alinikataza. Alisema utamtoa gereji."

Nikafungua mdomo nikatae. Nikaufunga. Ningemtoa. Siku hiyo hiyo.

Nimekasirika na Kaka kwa kuficha. Nimekasirika na Wifi. Na mimi je? Nimemwona akipapasa spana mezani nikadhani uvivu. Nimemwona akijaribisha nati kwa vidole, moja moja, nikamwambia mbele ya watu aache kuchezea kazi. Kila siku niko naye kwa muda wa saa kumi, namtazama. Halafu nimemwuliza kama haoni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwake. Sikuomba radhi. Nilikusudia, ila nilipomwona kakaa kwenye kiti anamenya karanga kwa amani, hasira ikarudi yote. Nikamwambia angeua mtu. Nati ya breki ingekuwaje? Umewaza hilo?

"Kila siku," kasema. "Ndiyo maana breki nakuachia wewe."

Kweli. Tangu mwaka jana breki zote nafanya mimi. Nikidhani ananipa heshima.

Nikamwambia Jumatatu tunakwenda hospitali, na akikataa nitambeba.

Jumatatu, 10 Machi

Presha ya macho. Daktari, binti mdogo mpole, kasema kilichopotea hakirudi. Jicho la kulia basi. La kushoto laweza kubaki kama lilivyo kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yake yote. Angekuja mapema, kasema.

Angekuja mapema. Njia nzima nilikuwa nayo kichwani. Kaka ananishika bega, anafuata hatua zangu. Anayetukwepa kwenye njia naye ananiudhi.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu kaja kuuliza gari lake. Kabla sijafungua mdomo Kaka kasimama.

"Ni mimi, Mwalimu. Washa ya zamani ilibaki, sikuiona. Jicho hili halioni, na nilikuwa naficha. Mdogo wangu hahusiki."

Mwalimu kamgeukia. "Mzee wangu juzi kashikwa na homa," kasema. "Kidonda kiliingia maji. Bado anakunywa dawa. Nimekusikia, Deo. Kukusamehe, bado."

Haki yake.

Alipoondoka Kaka kaniambia tutoe injini ya gari letu tumfungie. Gari la marehemu baba! Injini ni aina ile ile ya Mwalimu, nzima, na gari hilo ndilo linalotupeleka Tura kwa mama kila mwezi. Nimekataa. Nimepiga meza. Kwa nini nilipe mimi siri yako?

Hakubishana. Kachukua spana, kaenda kwenye gari la baba, kafungua boneti, kaanza kutafuta bolti ya kwanza kwa vidole.

Nilimwacha kama robo saa. Kisha nikaenda kumshikia taa. Taa ya nini? Nikaizima.

Jumatano, 19 Machi

Wiki nzima tumo. Injini yetu imeingia kwa Mwalimu. Kaka kafunga kwa kupapasa, mimi nakagua nyuma yake kila bolti. Sijakuta hata moja iliyolegea. Hili nalo linaniuma.

Sheria mpya, nimeandika ukutani kwa chaki: washa ya zamani inatolewa, inawekwa mezani, ndipo mpya inafungwa. Isipoonekana mezani, gari haliondoki. Kaka kasema niandike kubwa zaidi. Tulicheka kidogo. Sikutaka.

Jumamosi, 22 Machi

Mwalimu kaja na mumewe. Mzee kakonda, ila kaja kwa miguu yake. Kaka kamwomba radhi akiwa kasimama, kofia mkononi. Mzee kampa mkono. Mwalimu kawasha gari, kasikiliza, kaondoka.

Gari la baba limebaki kwenye uwanja, boneti wazi. Tupu ndani. Mama tutamfuata kwa treni.

Jumapili, 30 Machi

Wifi kaenda Isikizya kwenye msiba, kaniachia dawa ya Kaka. Baada ya Misa nimepita kwake. Kalala kwenye mkeka barazani, kichwa kwenye paja langu, jicho la kushoto wazi.

Mikono hii inafunga injini. Kichupa kikaishinda. Tone la kwanza likaangukia shavuni. La pili puani.

"Samahani," nikasema. Akajua si ya matone.

"Pole pole tu," akasema.

La tatu likaingia. Akafumba. Nikamwekea kidole kwenye kona ya jicho ili dawa isitoke, kama daktari alivyotuonyesha, tukakaa hivyo.