Sikukimbia Mchezo wa Jumamosi

Nyumbani kwa marehemu Baba,
Mtinko, Singida.
10 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Emilian,

Marahaba. Najua hujaniamkia, umenuna, lakini mimi ni dada yako na shikamoo yangu naihesabu kuwa iko njiani inatoka huko Ndola, Zambia. Hujambo? Wifi yangu Eliza hajambo? Na Yeremia, kile kifua kimepona? Mchemshieni tangawizi, msimpe soda baridi.

Sisi huku hatujambo, ukiacha goti langu la kushoto na hili joto. Mvua bado. Upepo unatupa vumbi mpaka ndani ya sufuria, na kila mtu anatazama mawingu yasiyo na kitu. Mama anakula na kulala vizuri. Habari zake nyingine ninazileta mbele, maana ndizo zilizonifanya nikamate kalamu.

Barua hii nimempa Fredrick, dereva wa lori anayekuja huko kwenu. Simu zangu hupokei, ujumbe wangu unausoma na kunyamaza. Karatasi haizimwi, utaisoma tu.

Nianze na kesi yangu. Tulipoanza mwezi wa tatu kucheza drafti kwenye simu kila Jumamosi saa kumi jioni, huku tukiongea, wewe ndiye uliyetaka tuweke dau. Wa kwanza kufikisha michezo kumi ndiye mshindi, sare hazihesabiwi. Nikishinda mimi, unakuja nyumbani Krismasi hii, baada ya miaka kumi na moja. Ukishinda wewe, nisikuulize tena habari ya kuja. Mpaka katikati ya Septemba nilikuwa na tisa, wewe tano, na nilikwishaanza kumchagua jogoo wa kukuchinjia.

Halafu Jumamosi tano mfululizo intaneti ya hapa nyumbani ikakatika katikati ya mchezo. Ile programu haina huruma, inangoja dakika mbili tu, kisha inaandika kwamba mchezaji amekimbia na kumpa mwenzake ushindi. Ndivyo ulivyofika kumi. Ukaniandikia: "Kumi. Umekimbia kama ulivyozoea. Tumemaliza."

Hilo la "kama ulivyozoea" liliniuma kwa sababu lina ukweli ndani yake. Nakumbuka ubao wa Baba na kete zetu za visoda. Nikiona naliwa naupindua, nasema ni kuku kapita. Na nikiri jingine, siku moja mwezi wa nne nilizima simu kwa hasira, uliponila kete tatu kwa mkupuo mmoja ukacheka mpaka ukakohoa. Hiyo ni yangu, nimeibeba. Lakini hizi tano, Emilian, haki ya Mungu si mimi.

Hata hivyo swali lako lilikuwa zuri. Uliuliza mbona katikati ya wiki tukipigiana simu ya video mtandao haukatiki, unakatika Jumamosi tu, tena kwenye drafti tu. Mimi nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja. Swali la namna hiyo haliniachi nilale. Nikachukua daftari, nikalipigia mistari, nikaanza kuandika kila kitu: siku, saa, upepo, umeme, nani yumo ndani, na mtandao umekatika baada ya dakika ngapi.

Wa kwanza kumshuku alikuwa jirani yetu Urbano, kwa ile mashine yake ya kukamua alizeti. Akiiwasha, balbu zetu zinafifia, nikasema bila shaka na ruta inakufa palepale. Ruta ni kile kisanduku cheupe cha intaneti ulichomnunulia Mama Krismasi iliyopita, tumekiweka sebuleni juu ya kabati la Baba. Basi nikamwomba Urbano asiwashe mashine Jumamosi mpaka tumalize. Akakubali, akaja mwenyewe kutazama mchezo. Umeme ulisimama imara, balbu zinang'aa, na intaneti ikakatika vilevile. Urbano akaniangalia kama mwanafunzi aliyechapwa kwa kosa la mwenzake. Mpaka leo ananidai kuku wa kuomba radhi.

Nikahamia kwenye upepo. Unajua hapa kwetu simu haishiki mtandao mpaka upande juu ya jabali la nyuma, na kwa goti hili sipandi. Tunategemea ile antena ya juu ya bati. Nikamwita fundi Benjamin kutoka Singida mjini, akaja Jumatano, akapanda, akakaza waya, akafunga na mlingoti upya. Aliposhuka akakaa barazani akacheza mpira kwenye simu yake saa mbili nzima, upepo ukivuma wa kung'oa nazi kama zingekuwapo. Haikukatika hata mara moja. Akanywa vikombe vitatu vya chai, akasema Mwalimu, nyumba yako haina ugonjwa. Jumamosi iliyofuata, dakika ya ishirini na nne, ikakatika.

Niliposoma daftari langu nikaona jambo la ajabu. Mara ya kwanza ilikatika dakika ya ishirini na nane. Ya pili ishirini na saba, kisha ishirini na tano, ishirini na nne, ishirini na mbili. Jua linazidi kuwa kali, dakika zinapungua. Na Julai, wakati wa baridi yetu ile ya kung'ata masikio, haikukatika kabisa. Nikajiuliza, ni kitu gani hiki kinachojua joto na kinachojua Jumamosi? Nisamehe, nilikushuku hata wewe, kwamba una ujanja umejifunza huko.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya tarehe mbili nilikungoja hukuja. Siku zote huwa nacheza barazani kwenye hewa, lakini siku hiyo hapakuwa na mchezo na goti lilikuwa limenikamata, nikabaki nimejinyoosha sebuleni. Saa kumi jioni Mama akaingia. Ameoga, amevaa kile kitenge chake cha kanisani. Akafungua sanduku lake, akatoa nailoni, akaifunika ruta kwa sababu ya vumbi. Kisha akatoa kitambaa chekundu, kile cha sufu nzito alichokifuma mwaka ulioondoka akisema ni cha siku utakayorudi. Akakikunja mara mbili, akaifunika ruta vizuri, akanyoosha pembe zote nne. Akakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, akakiangalia.

Kumbe hufanya hivyo kila Jumamosi! Na mimi nimekipita kitambaa hicho mara tano, nikikimbia kutoka barazani kutazama ruta ina nini, nakifunua, nabonyeza, narudishia. Utasema mwalimu mzima hana macho. Lakini niambie, Emilian, katika nyumba hii ni kitu gani kisicho na kitambaa? Redio ina chake, televisheni ina chake, viti, chupa ya chai, hata picha ya Baba. Ningeshangaa kuiona ruta iko uchi. Mchezo ukiisha anakitoa na kukirudisha sandukuni, ndiyo maana Benjamin hakukikuta.

Nikamuuliza, Mama, unafanya nini? Alinijibu kwa Kinyaturu, nami nakuandikia kwa Kiswahili: "Mgeni hapokewi kwenye meza tupu." Usidhani akili zimemruka. Anajua vizuri kwamba uko Ndola. Lakini tukicheza, sauti yako na kicheko chako vinamfikia pale sebuleni kupitia dirishani, na anajua vinaletwa na kile kisanduku ulichomnunulia. Basi anakuandalia mahali.

Nilitazama saa. Dakika ya ishirini na moja simu yangu ikapoteza intaneti, na hakuna mtu aliyekuwa anacheza drafti. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa. Lo! Ruta ilikuwa ya moto kama chungu kilichoteremshwa sasa hivi. Haipumui, inazidiwa na joto, inajizima. Ikipoa inawaka tena, lakini wewe umekwisha kupewa ushindi.

Kesho yake baada ya misa nikafanya jaribio kama darasani. Bila kitambaa, mchana kutwa haikuzima. Nikaifunika, dakika ishirini na tatu. Jumatatu nikarudia, Urbano akiwa shahidi mlangoni, dakika ishirini na mbili. Furaha iliyonipata, ni mwalimu peke yake anayeijua. Nikakinyanyua kitambaa juu nikakipunga, nikapiga kelele, "Urbano, kikulacho ki nguoni mwako!" Tukacheka sana.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alikuja polepole akakichukua kitambaa mkononi mwangu, akasema, "Kumbe ni mimi niliyekuwa namkata mwanangu." Akakikunja, akakitia sandukuni, akafunga na kufuli. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimweleza habari za joto, za hewa, za umeme, somo zima la darasa la saba. Akanijibu kwamba ameelewa, nisijisumbue. Na kweli ameelewa, hilo ndilo linaloniuma. Jana Jumamosi hakuingia sebuleni kabisa. Saa kumi alikaa jikoni akipepeta uwele uliokwisha kupepetwa.

Hiyo ndiyo kesi yangu, na ushahidi uko daftarini. Ningeweza kudai turudie ule mchezo wa mwisho. Nimeupanga upya kwenye ubao wa Baba kwa visoda, kila kete mahali pake, na unajua mwenyewe: nilikuwa na kingi watatu, wewe mmoja amejibanza kwenye kona. Lakini sidai. Kumi ni kumi. Umeshinda, nakupa mkono, na ubao sijaupindua.

Na dau nalitimiza. Sitakuuliza tena utakuja lini. Hata yale mazishi ya Baba uliyoyakosa, ambayo najua ndiyo yanayokufunga miguu, sitayagusa, ila nikuambie kwamba wazee walikwisha kuyasamehe mwaka uleule, na wewe peke yako ndiye unayeyashikilia.

Nisalimie wifi Eliza, mwambie sufu aliyonitumia imetosha sweta na kofia. Msalimie Yeremia na dada yake Happiness, waambie shangazi yao anawapenda kabla hajawaona. Urbano anakusalimu, anasema alizeti mwaka huu imekubali. Baba mdogo Leonidas naye anakusalimu sana, anauliza kama bado unapiga mluzi.

Limebaki jambo moja. Dau lile tuliwekeana wawili, mimi na wewe, Mama hakuwamo. Jana usiku nilimwambia nakuandikia barua, nikamuuliza niweke neno gani lake. Alilitazama lile sanduku lake. Kisha akasema, "Muulize kile kitambaa nikitandike siku gani."

Mjibu yeye.

Mungu akutunze huko uliko, akulinde na vyuma vizito unavyovinyanyua kazini, na njia yako aifanye fupi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukinifunga,

Anastazia