Nyanyake Jalila

"Nani mfanyakazi? Umemwita mamangu mfanyakazi?" Mamake Jalila huyo, shoga, kasimama mlangoni, Magogoni nzima inasikia!

Na Bi Mahfoudha wa mlango wa pili kashika kiuno: "Mimi nina wageni, nimekuja kumuazima anikunie nazi. Binti yako ndiye aliyesema ni mfanyakazi wenu!"

Wallahi nilidhani sikusikia vizuri.

Bi Mwanatabu mwenyewe, nyanya wa watu aliyetoka Likoni na kapu la samaki kuja kumuona mjukuu, yuko papo hapo amekalia mbuzi, anakuna nazi.

Wawajua wale rafiki zake Jalila, kina Salsabil bintiye Bi Mahfoudha? Kazi yao kuigiza Kidigo na kucheka. Basi jana wamemkuta nyanya barazani akisema Kidigo, wakauliza huyu nani. Jalila akaona akisema nyanyangu, kesho atachekwa yeye. Akasema mfanyakazi. Mfanyakazi, shoga!

Sasa wote wamemgeukia Jalila. Mamake anauliza, "Jalila, huyu ni nani wako?" Salsabil, nyuma ya mamake, anamkodolea macho.

Mara mtoto akajibu kwa Kidigo, kile kile wanachokicheka, kuwa ni nyanyake, na yeye ni Mdigo. Salsabil akaguna, akaenda zake.

Tukashusha pumzi. Jalila akapiga magoti kuomba radhi.

Bi Mwanatabu akapangusa mikono, akamtazama kama asiyemjua.

"Inuka," akamwambia. "Karibu ndani, mgeni. Ule."