Kwa Nini Bushi za Riyadh Zilipasuka

Batha, Riyadh

Mama Swabra, mke wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto linalokausha mate mdomoni. Mimi mzima, nakula, nalala, na kile kikohozi ulichokuwa ukikisikia kwenye simu kimeniacha. Wewe je, mgongo? Umekwenda hospitali au bado unajipaka mafuta na kusema kesho? Swabra anaendeleaje na shule, na mama amepata ile miwani? Unijibu yote, usiruke hata moja, maana nakujua.

Utashangaa kuona karatasi ilhali tunaongea kila Ijumaa. Lakini kwenye simu wewe huuliza nimekula nini, Swabra naye anakunyang'anya, na jambo hili linataka mtu akae kitako. Halafu linamhusu jirani yetu Mama Neema, na mara nyingi ninapopiga huwa yuko hapo hapo barazani kwako. Kwa hiyo nimempa mwenzetu anayekuja likizo akutilie mkononi.

Kazi yangu unaijua: kutengeneza dababu. Ndivyo wanavyoziita huku zile pikipiki za magurudumu manne ambazo vijana wa mjini hukodi wakaruke nazo kwenye vilima vya mchanga huko Thumama, nje ya Riyadh. Wanaziendesha kama kwamba hazina mwenyewe. Mume wa Mama Neema, Kazungu, tuko naye karakana moja. Mimi natengeneza, yeye ndiye anayetumwa sokoni kununua spea.

Zamani tulikuwa tunafunga spea asli, za kampuni iliyounda pikipiki. Kisha bosi wetu, Abu Fahdi, akaona ni ghali, akamwambia Kazungu alete za tijari, yaani zile zinazotengenezwa na watu wengine wa pembeni. Basi hapo ndipo balaa ilipoanza. Ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele una bushi ya mpira ndani yake, na bolti hupita katikati. Bushi zikawa zinapasuka. Ikipasuka, bolti hucheza, chuma hula chuma, na mwisho mkono unakatika mtu akiwa mbioni. Mwezi uliopita kijana mmoja alirushwa akavunjika mfupa wa bega. Baba yake alikuja karakana akafoka mpaka sauti ikamkauka.

Bosi akataka mtu wa kubebeshwa lawama. Ikasemwa kwamba Kazungu hununua takataka kisha anatia chenji mfukoni. Abu Fahdi alimwita harami mbele yetu wote, na mimi sikuhitaji mkalimani, kwetu si tunasema haramia? Akamwambia Idd ikipita atagongewa huruji, ule muhuri wa kuondoka bila kurudi.

Nakwambia Mama Swabra, iliniuma. Kazungu namjua. Mtu anayerudisha hata kiberiti cha kuazima anaibaje chenji ya bushi? Tulipofika chumbani nikamwambia avumilie. Akasema, "Kurudi si kitu, Baba Swabra. Nirudi mwizi ndiyo sitaki. Hapo Mtwapa nitapita njia gani?" Nikajifanya natafuta viatu.

Hapo ndipo nikaanza kuzifikiria zile bushi kwa dhati. Nilidhani ni mchanga, unaingia na kusaga mpira. Nilidhani ni jua. Nilidhani kweli ni spea mbovu, na kwamba Kazungu alidanganywa na muuza duka. Nilizikunja, nikazibonyeza, hata nikainusa moja, na wenzangu wakanicheka wakaniuliza kama nataka kuipika. Mpira ulikuwa mzuri tu.

Ikatokea bosi akanituma Jeddah, ana karakana ndogo huko ya dababu za ufukweni. Nikapanda basi hapa Batha, nikafika nimevimba miguu, nikalala mtaa wa Kandara kwenye chumba cha kukodi chenye feni inayopiga kelele kuliko upepo wake. Asubuhi nikatoka kutafuta chai, nikasikia mtu anamgombeza mwenzake kwa Kiswahili juu ya sufuria iliyoungua. Nikasimama tu barabarani kusikiliza, mtu mzima mimi. Sufuria yenyewe sikuiona.

Fundi wa Jeddah ni Msudani, Idrisi, mnene na mcheshi. Nikamuuliza kuhusu bushi. Akasema hazijawahi kumpasukia. Nikamwambia hizo zetu zimetoka boksi lile lile, Kazungu ndiye huwatumia. Akainua mabega: "Mafi mushkila hapa," yaani hakuna shida. Basi nikajua si mpira, si muuza duka, wala si Kazungu. Kama boksi ni moja na huku zinaishi, basi kuna kitu sisi Riyadh tunakifanya.

Nikamwangalia akifanya kazi. Karakana yake haina hata stendi ya kuinulia. Ana jeki moja, na inavuja. Anainua pikipiki, anapachika mkono na bushi, anaingiza bolti anaifunga kwa vidole tu, kisha anaishusha haraka kabla jeki haijamsaliti. Pikipiki ikishakaa chini, anaita mtu yeyote aliye karibu, "Kaa juu yake," kisha yeye mwenyewe analala ubavuni na kuikaza kwa spana. Nikamuuliza kwa nini anakaza mwisho. Akacheka. "Kwa sababu ya jeki. Naogopa kuvunjika kichwa."

Hajui kama kuna sababu nyingine, na mimi pia pale pale sikuijua. Nilikaa nikafikiria sisi tunavyofanya. Sisi tuna stendi nzuri, ya umeme. Pikipiki iko juu, magurudumu yananing'inia, na Abu Fahdi amesimama nyuma yetu akipiga kelele, "Shidd! Shidd!" Nilikueleza zamani jinsi siku zangu za kwanza nilivyokuwa naacha spana namuuliza, "Shida gani, baba?" nikidhani amepatwa na jambo, kumbe kwao ni kaza. Basi tunakaza, huko huko juu, mpaka mkono unatetemeka.

Nikaazima msumeno nikakata bushi mbili katikati, moja ya zamani ya asli na moja ya tijari. Ile ya asli huzunguka juu ya bomba lake la chuma linalopitisha bolti, inatiwa grisi, ukiikaza vyovyote haijali. Ya tijari mpira wake umegandishwa kwenye bomba. Haizunguki, inajipinda tu. Ukiikaza gurudumu likining'inia, inashikwa hivyo hivyo. Ukishusha pikipiki, mpira tayari umepindika kabla haujaona hata kilima. Ni kama wewe ukijifunga leso ukaikaza umesimama wima, kisha ukachuchumaa kufua: itakachofanya unakijua. Jifunge ukiwa unavyotaka kukaa. Spea hazikuwa mbovu, Mama Swabra. Zilikuwa tofauti, nasi tulizifunga kama zile za kwanza.

Sasa ikabaki kumwambia bosi kwamba zinazopasuka, zinapasuka kwa amri yake mwenyewe. Wewe ungemwambia vipi? Mimi nilirudi Riyadh nikaogopa kwanza. Halafu nikamwomba anipe pikipiki mbili na bushi za boksi moja. Moja nikaikaza juu mbele yake, akipiga kelele zake vizuri tu. Nyingine nikaishusha, nikamwomba kwa heshima akae juu yake, nami nikaikaza chini. Alikaa na kanzu yake nyeupe, uso kama anayepigwa picha ya pasi. Zote mbili zikapewa vijana wale wale wa Thumama.

Ya kwanza ilirudi bushi yake imepasuka. Ya pili ilirudi na mchanga tu. Abu Fahdi alitia kidole kwenye mpira uliochanika, akakizungusha. Nikamwambia, "Baba, Kazungu alinunua vizuri." Akaangalia pembeni, akasema, "Halas," yaani yameisha. "Kazungu abaki." Msamaha hakuomba. Tangu siku hiyo hakuna pikipiki inayokazwa ikiwa juu, na yeye ndiye mkali kuliko sote.

Nikatoka mbio kumwambia Kazungu. Nilimkuta chumbani anakunja nguo. Kitandani palikuwa na gauni dogo la njano na viatu vya mtoto vyenye taa kwenye soli. Nikamwambia jina lako limesafishwa, huendi popote. Nilingoja aruke. Akakaa kitandani. Akanishukuru, akanishika mkono sana, kisha akasema polepole, "Nilikuwa nimeshawaambia watoto nakuja."

Hakuwa amewaambia ni kwa nini. Aliwaambia tu anakuja, na likizo yake bado iko mbali. Neema, kumbe, anahesabu siku kwa mkaa ukutani, na Mama Neema amepaka chumba rangi.

Sasa hili ndilo ninalokuomba. Kazungu hajapata moyo wa kupiga simu, na sidhani ataupata upesi. Nenda kwa Mama Neema, usiende na habari, nenda tu ukae naye, umsaidie kazi, ili akipigiwa awe na mtu. Usimwambie ni mimi niliyepeleleza zile bushi. Nilifanya haki na ningeifanya tena, lakini tangu hapo nalala vibaya, maana nimemzuia mtu kurudi kwao.

Msalimie mama, umwambie dua zake zinafika. Msalimie shemeji yangu muuza samaki na fundi cherehani wa jirani, na ustadhi wa Swabra. Swabra mbusu kwenye kipaji cha uso.

Na wewe nataka unijibu jambo moja kwa mkono wako, si kwa simu. Ningekuwa ni mimi niliyeitwa mwizi, nikakwambia tu kwamba narudi, nawe baadaye ukajua sababu, ungelia au ungepika pilau? Niambie kweli. Mimi mwenyewe, nilipoliona lile gauni la njano, nilimwonea wivu.

Mumeo,
Baba Swabra