Ukimya wa Odile kwenye fomu ya kazi

Jumanne, Manika

Odile hajakataliwa. Mwanasaikolojia wa mgodi ametuambia hivyo mwenyewe, leo saa tisa.

Wiki nzima niliogopa kwamba binti yangu angekosa uongozi wa kikosi cha usalama kwa sababu ya fomu ya maswali ya tabia. Alama zake zilionyesha mtu asiyethubutu kusema.

"Mama, uliandika kama hausemaka wa kwanza mu kikundi," mwanasaikolojia alimwambia Odile kwa adabu. "Kikundi gani?"

"Ya nyumbani, tata," Odile akamjibu kama anavyomjibu baba. "Mbele ya batata bakubwa, bazee ba familia, nani anaanzaka kusema?"

"Na mu kazi?"

"Mu kazi? Bashofere ba malori ya mgodi bananiogopa!"

Mwanasaikolojia akacheka, kisha akanieleza. Nadharia ya sifa, iliyozaa fomu ile, huamini mtu hubeba tabia yake kila aendako. Nadharia ya kujifunza husema mahali ndipo panapomfundisha, kwa hiyo mtu yuleyule hunyamaza hapa na kuamuru kule. Wengine huchimba utoto, na hao wangeanza kuuliza habari zangu. Nashukuru hawakuitwa.

Ipi ni sahihi, sijui. Ya pili imembakiza kwenye orodha ya wanaowania uongozi, na nimepumua.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, wakuu wa mgodi watamtazama akiongoza zoezi la kuzima moto.