Sanda Iliyokwama Mpakani

Truphena, sikiza haya. Walimshika mume wangu, Baba Salha, hapa mpakani Busia!

Mamake amefariki alfajiri kule Tororo, na si unajua sisi Waislamu hatulazi maiti. Begi lake lina sanda, pamba na kafuri ya kumpaka. Askari akauliza, "Huu unga mweupe ni wa nini?"

Yeye kwa woga akajibu, "Wa maiti."

Wa maiti! Na kanzu ile, na ndevu zile!

"Maiti gani?" Bunduki ikainuka. Truphena, alishindwa kusema "mama". Alishindwa!

Wakamfungia chumbani masaa sita, simu wakachukua.

Ndiyo kwanza wamemwachilia. Amepiga Tororo.

Wameshamzika. Wamemvika shuka za kitandani mwake.

Ameketi chini, sanda mapajani. Kila askari akipita, yeye anainua mikono juu.