Majina ya Mzee Amado

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mzee Amado amefariki asubuhi. Yule Mfilipino wa chumba cha pili, mpishi wa meli aliyeshuka Durban asirudi tena kwao. Jana nilimbeba mgongoni ghorofa sita — lifti imekufa tangu Pasaka! Hospitali wakaniuliza jina. Nikawapa lililo kwenye madaftari yake yote: Amado Lakandi. Sote tulimwita hivyo.

Jumatano, 4 Juni
Hasira! Mochwari wanasema ubalozi wa Ufilipino haumjui mtu wa jina hilo. Mimi na Gaston, mlinzi wa getini, tumepekua chumba. Pasipoti iko chini ya godoro: Teodulo Bangayan. Tumempigia binti yake. Kasema Amado ni jina la kuandikia hadithi tu! Miaka thelathini gazeti la Manila limechapa hadithi zake. Za mapenzi aliandika kama Rosa Tala. Za kuwasema wakubwa, Amado. Woga tu, au akili?
Gaston kacheka. "Kumbe mama Rosa ana ndevu!"
Nikamwambia afunge mdomo.
"Na wewe je, unayejiita Muhammad hapa Fordsburg? Mama yako kule Tanga anamjua huyo Muhammad?"
Nilitaka kumzaba kofi. Miaka minane nabeba maboksi kwa kibali na jina la mtu mwingine.

Alhamisi, 5 Juni
Bosi kanikatalia ruhusa ya kwenda mochwari. Eti Mfilipino ni ndugu yangu? Kesho naenda. Anifukuze.

Ijumaa, 6 Juni
Naandika nikiwa benchini, mochwari. Swala imenipita. Karani anatafuna chipsi. "Eish, baba, wewe ulimwandikisha, wewe ndiye wa kuapa kwamba ulikosea." Leo mwisho. Nisipoapa, Jumatatu manispaa inamzika kwa jina la hadithi, na binti yake hatapata kaburi la baba.
Kiapo kinataka kitambulisho. Ninavyo viwili. Cha Muhammad ni safi, lakini niape uongo juu ya maiti, tena Ijumaa? Changu, chenye jina langu la kweli — kibali kiliisha 2017. Na hapa anayepiga mhuri wa kiapo ni polisi, kakaa palepale!
Mzee, majina yote hayo wewe! Ulikaa unaandika, mimi ndiye naumbuka.
Karani anaita: "Baba wa Mfilipino! Jaza jina lako hapo juu, tunafunga!"
Fomu iko gotini. Nimeandika herufi ya kwanza. Siyo M. Polisi kanyanyua kichwa, ananitazama —