Taa Chini ya Mahindi ya Mbegu

Jumamosi, Songea. Mawingu yameikalia milima ya Matogoro tangu asubuhi.

Mama Neema, mteja niliyemchorea nyumba, alitaka jiko la ndani kama la kwenye magazeti: juu ya makabati dari ishuke, iwe boksi la jipsamu, na ndani yake zizamishwe taa ndogo za kumulika meza ya kukatia mboga. Kwenye kompyuta likatoka zuri hadi nikajipongeza.

Kisha akaja mama mkwe wake, Bibi, anayekaa nao. Akaniuliza mahindi yake ya mbegu atayaweka wapi. Huku kwetu mahindi ya mbegu hukaa juu ya jiko, moshi uyakaushe na wadudu waitwao dumuzi wasiyasogelee. Nikamwambia jiko la ndani halina moshi. Akasema joto litatosha.

Niliona aibu kumkatalia mtu mzima. Nikamchorea kitundu cha kupandia darini, na ngazi yake.

Kila mmoja nilimwonyesha kipande chake peke yake, na kila mmoja alinishukuru. Napenda kupendwa. Nalikiri hapa mtandaoni ambapo hakuna anayenijua.

Leo mteja mwingine kaja ofisini, anataka jiko kama lile. Nikafungua mchoro, nikalikata jiko kwa ubavu kwenye kompyuta ili aone ndani ya boksi. Makopo ya taa, ambayo hupata joto kali, yametokeza juu ya jipsamu, na pale yalipotokeza ndipo Bibi anapolaza mahindi yake. Nilikuwa sijawahi kuvitazama vyote viwili kwa pamoja.

Na nyumba imeshajengwa, nao wameshahamia.

Simu ya Mama Neema haikupatikana. Nikamwacha mteja amekaa, nikakodi teksi hadi kwao Matogoro.

Nikawakuta na wageni, taa zote zinawaka mchana kweupe. Hata shikamoo sikumpa Bibi. Nilizima swichi, nikapanda ngazi. Mahindi yalikuwa bado na maganda yake, makavu, yamelundikwa juu ya zile taa. Maganda ya chini yalishaanza kuwa ya kahawia. Nilipoyashika yaliniunguza vidole.

"Si wewe uliyechora?" Mama Neema akaniuliza mbele ya wageni.

"Ni mimi, dada."

Bibi akasogea chini ya ngazi. "Kumbe kile kitundu ulinichorea ili ninyamaze, mwanangu."

Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Wageni waliaga mmoja mmoja. Mama Neema akaingia chumbani kwake, hakutoka tena. Mimi na Bibi tukashusha mahindi yote, yeye akipokea chini. Nilipomaliza aliniletea maji ya kunawa, na hilo ndilo lililoniliza.

Bosi wangu hajajua bado. Naweza kumsingizia fundi umeme, ataamini, maana mafundi husingiziwa kila siku. Nimelifikiria.

Sitafanya hivyo.

Kesho wakitoka kanisani narudi kule. Nitawakalisha wote wawili mbele ya mchoro mmoja, taa na mahindi vikionekana, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba dari hii haibebi vyote, na kwamba nilipaswa kusema hivyo siku ya kwanza. Lazima mmoja wao atanuna.

Anune. Ilimradi nyumba isiungue.